Mpira Umetolewa, Mbona Mtoto Bado Anahangaika Kupumua?

Tukisikia mtoto amewekewa mpira wa kupumulia, kila mtu anajua hali si nzuri. Tukisikia umetolewa, tunashusha pumzi. Simu inapigwa mpaka Marambo, bibi anaambiwa mjukuu sasa anapumua mwenyewe, na huko nyumbani watu wanaanza kuuliza atarudi lini. Lakini kwa muuguzi na mtaalamu wa usingizi waliosimama kando ya kitanda, kazi haijaisha. Kuna watoto ambao mpira ukitoka tu wanaanza kutoa mlio, mbavu zinabonyea ndani, midomo inageuka rangi, na ndani ya saa chache mpira unarudishwa. Tafiti nyingi za wodi za watoto mahututi zinataja watoto kati ya 2 na 20 kwa kila 100 wanaorudishiwa mpira. Tofauti hiyo kubwa inategemea ni watoto gani walipimwa na walikaa na mpira siku ngapi.

Kwa nini inatokea? Na kwa nini kwa watoto zaidi kuliko kwa baba zao? Jibu zuri liko kwenye hesabu moja ya karne ya 19, tutaifikia. Kwanza tuuelewe mpira wenyewe.

Mpira huu hupitishwa mdomoni au puani, unapita katikati ya nyuzi za sauti kwenye zoloto, unaishia ndani ya koo la hewa juu kidogo ya pale linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Unawekwa kwa sababu kuu mbili. Moja ni upasuaji wa nusu kaputi, ambapo dawa zinalegeza misuli yote pamoja na ile ya kupumulia, na hapo mpira hukaa saa moja mbili tu. Nyingine ni ugonjwa mkali: nimonia iliyomchosha mtoto, malaria iliyopanda kichwani, kuungua moto usoni na kooni, pepopunda. Hapo mpira unaweza kukaa siku kadhaa hata wiki. Niseme mapema kwamba katika hospitali nyingi za wilaya, operesheni ndogo za watoto hufanywa kwa ketamini bila mpira kabisa, mtoto akiendelea kujivutia pumzi mwenyewe. Kwa hiyo si kila mtoto aliyepasuliwa Nachingwea au Ruangwa amewahi kuwa na mpira. Ni swali la kuuliza, na tutaona mwishoni kwa nini jibu lake linafaa kuandikwa.

Milimita moja

Chini kidogo ya nyuzi za sauti kuna gegedu lenye umbo la pete, linaitwa krikoidi. Sehemu nyingine za koo la hewa zina gegedu la nusu duara, nyuma ni nyama laini inayoweza kutanuka. Hii ya krikoidi ni pete kamili. Kwa mtoto mdogo hapo ndipo penye wembamba usiosogea. Sasa utando wa ndani ya pete ukivimba kwa sababu ya kuguswa na mpira, uvimbe hauna pa kwenda nje. Unaelekea ndani, kwenye njia ya hewa.

Hapa ndipo anapoingia Jean Poiseuille, daktari wa Ufaransa aliyechunguza namna vimiminika vinavyopita kwenye mirija myembamba katika miaka ya 1840. Aligundua kwamba ukinzani wa mrija hauongezeki kwa ulinganifu wa kawaida. Ukipunguza upana wa mrija kwa nusu, ukinzani hauwi mara mbili. Unakuwa mara 16, maana upana unajizidisha wenyewe mara nne kwenye hesabu.

Chukua mtoto mchanga ambaye njia yake ya hewa hapo kwenye pete ina upana wa milimita 4. Utando ukivimba milimita 1 tu kuzunguka pande zote, upana unabaki milimita 2. Nafasi ya kupitisha hewa imebaki robo, na kazi ya kuvuta pumzi imepanda mara 16. Chukua sasa mtu mzima mwenye njia ya milimita 8 na uvimbe uleule wa milimita 1. Anabaki na milimita 6, nafasi imepungua chini kidogo ya nusu, ukinzani umepanda mara 3 na kitu. Huyu atalalamika koo linauma na sauti imekauka, atapewa chai ya vuguvugu, mambo yataisha. Yule mtoto yuko hatarini. Na hiyo ni hesabu ya hewa inayopita kwa utulivu. Mtoto akilia, hewa inachafuka na kuzungukazunguka ndani ya njia, ukinzani unapanda zaidi ya hapo. Ndiyo maana utaona wauguzi wanahangaika kumtuliza, wanamrudisha kwa mama yake ampakate, na hawataki kumchoma sindano isiyo ya lazima wakati huo. Mtu anaweza kudhani ni huruma tu, kumbe ni fizikia pia.

Uvimbe huo ndio chanzo cha ule mlio mkali wakati wa kuvuta pumzi ndani, ambao madaktari wanauita stridori. Tofautisha na pumu: filimbi ya pumu husikika zaidi wakati wa kutoa pumzi, kwa sababu tatizo liko chini, kwenye vijinjia vya mapafu. Tofauti hii ishike, itarudi.

Kuna mambo mengine yanayomwonea mtoto. Mwili wake unatumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo ya uzito, wakati akiba yake mapafuni ni ndogo. Mbavu zake bado ni laini na zimelala, hazimsaidii sana kutanua kifua, kwa hiyo karibu kazi yote inafanywa na kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Na kiwambo cha mchanga huchoka haraka. Mtu mzima akizibwa njia una dakika kadhaa za kufikiri. Kwa mchanga zinahesabika kwa sekunde.

Karanga ya Nachingwea

Tuseme mtoto wa miaka 2 huko Marambo amepaliwa na karanga. Hili si jambo la kutunga kwa ajili ya makala. Duniani kote karanga na jamii yake ziko juu kabisa kwenye orodha ya vitu vinavyoingia mapafuni mwa watoto wadogo, na sisi tuko kwenye ardhi ambayo Waingereza walidhani itajaa karanga mpaka ilishe nchi yao. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga ulioanza 1947, pamoja na Kongwa na Urambo. Mradi ulikufa 1951, reli iliyojengwa kutoka Mtwara ikaja kung'olewa, lakini karanga kwenye sahani za watoto hazijaondoka, na msimu wa korosho nao huleta zake.

Karanga ina mafuta yanayochokoza utando wa njia ya hewa. Ikikaa siku kadhaa, utando unavimba na usaha unajikusanya nyuma yake. Kuitoa kunahitaji mrija wa chuma wenye taa unaopitishwa kooni mtoto akiwa amelala nusu kaputi, kazi inayofanyika katika hospitali chache kubwa kama Muhimbili. Mara nyingine mrija ule unaingia na kutoka zaidi ya mara moja, halafu baadaye mtoto anawekewa mpira wa kupumulia ili aamke taratibu. Kwa hiyo mtoto huyu anafika kwenye dakika ya kutolewa mpira akiwa tayari na koo lililosuguliwa na pafu lililovimba. Ni mgombea halisi wa matatizo yote tunayoyazungumzia.

Ukimwona mtoto wa kijijini amekohoa ghafla wakati wa kula, akatulia, halafu wiki ikapita ana kikohozi kisichosikia dawa, sema neno "alipaliwa" kwa daktari. Neno hilo linaweza kuokoa wiki nyingi za kutibiwa nimonia upande uleule wa kifua.

Nyuzi zinazojifunga

Uvimbe una tabia ya kuja taratibu, ndani ya dakika hadi saa chache. Lipo tatizo lingine linalokuja kama radi: nyuzi za sauti kujifunga kwa mkazo. Kwa kawaida nyuzi hizi hufunga njia kwa nukta moja kitu kikitaka kuingia vibaya, ndiyo kinga yetu tunapokunywa maji. Mtoto akiwa katikati, hajalala vizuri na hajaamka vizuri, mate au damu kidogo ikigusa zoloto, nyuzi zinafunga na kukataa kufunguka. Kifua kinajaribu kuvuta, hakuna sauti, hakuna hewa. Ukimya huo unatisha kuliko mlio. Mtaalamu wa usingizi ataisogeza taya mbele, atambana barakoa na kusukuma oksijeni kwa shinikizo, na isipofunguka atatoa dawa ya kulegeza misuli. Ni sababu mojawapo ya mpira kutolewa ama mtoto akiwa bado kalala kabisa, ama akiwa kaamka kabisa. Pale katikati hapatakiwi.

Nani yuko hatarini zaidi? Hapa tuna takwimu nzuri. Watafiti wa Perth, Australia, walifuatilia watoto 9,297 waliopewa dawa ya usingizi, na matokeo yao yakachapishwa 2010. Karibu 15 kati ya kila 100 walipata tatizo la upumuaji la aina moja au nyingine wakati wa upasuaji au baada yake. Mengi yalikuwa madogo na yalishughulikiwa papo hapo. Waliokuwa na mafua siku hiyo au ndani ya wiki mbili za nyuma walipata zaidi, na vivyo hivyo wenye pumu au historia ya pumu kwenye familia, na wanaoishi na wavuta sigara.

Sasa fikiria mzazi ambaye amepata tarehe ya operesheni ya ngiri ya mwanawe baada ya kusubiri miezi, kalipa nauli, kaacha shamba. Asubuhi mtoto ana mafua na kikohozi. Anaogopa kusema, maana ataambiwa arudi nyumbani. Namwelewa kabisa. Lakini aseme. Kama operesheni si ya dharura, wiki mbili tatu za kusubiri zinapunguza hatari kweli, na kama haiwezi kungoja, wataalamu watajiandaa na dawa mkononi. Mafua yaliyofichwa ndiyo mabaya zaidi kwa wote. Hivyo hivyo na kufunga kula. Kanuni iliyozoeleka ni saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama na saa 2 bila maji. Uji ni chakula, hata ule mwepesi. Mtoto aliyefichwa vijiko vitatu vya uji na bibi mwenye huruma anaweza kutapika mpira unapotoka, na uji huo ukaingia mapafuni.

Wataalamu wanafanya nini?

Kuzuia kunaanzia kwenye ukubwa wa mpira. Hesabu ya zamani inasema: gawa umri wa mtoto kwa 4, jumlisha 4, unapata upana wa ndani wa mpira kwa milimita. Mtoto wa miaka 4 anapata mpira wa 5. Kwa mpira wenye puto dogo la kuziba pembeni, unapunguza nusu milimita. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba watoto wa chini ya miaka 8 wasiwekewe mpira wenye puto kabisa kwa kuogopa kuumiza ile pete ya krikoidi. Mwaka 2009 utafiti wa hospitali kadhaa za Ulaya kwa watoto 2,246 ulilinganisha aina mbili hizo. Mlio baada ya mpira kutolewa ulikuwa karibu sawa: 4.4 kwa kila 100 wenye puto, 4.7 kwa wasio na puto. Ila wasio na puto ilibidi wabadilishiwe mpira mara nyingi zaidi kutafuta saizi inayokaa, karibu watoto 31 kwa 100 dhidi ya 2. Kila kubadilisha ni kusugua tena. Basi hoja ikageuka, ilimradi shinikizo la puto lipimwe. Likizidi, damu haipiti kwenye utando, na utando usiopata damu hufa.

Kabla ya kutoa, wanasikiliza kama hewa inavuja kidogo pembeni ya mpira. Isipovuja hata kidogo, kuna uwezekano utando umevimba na kuukumbatia mpira. Kipimo hiki si kikamilifu, wapo watoto wasiovuja na wakatoka salama. Mtoto aliyekaa na mpira muda mrefu anaweza kuanzishiwa deksamethasoni saa kadhaa kabla, ili uvimbe upungue. Kumpa dakika ile mpira unatoka ni kuchelewa, dawa hii inahitaji muda.

Mlio ukitokea, silaha ya haraka ni adrenalini ya kuvuta kama mvuke kupitia nebulaiza. Inabana mishipa midogo ya damu kwenye utando, uvimbe unanywea ndani ya nusu saa. Na hili linapendeza kwa hospitali zetu: haihitajiki aina maalumu ya ghali, ile adrenalini ya kawaida ya kichupa kidogo, iliyopo kwenye trei ya dharura, inafanya kazi. Tatizo ni kwamba nguvu yake huisha baada ya kama saa mbili na uvimbe unaweza kurudi. Mtoto aliyetulia baada ya mvuke haruhusiwi kwenda popote mpaka muda huo upite na aonekane tena. Mzazi anayeona mwanawe kachangamka na gari la Nachingwea linaondoka saa 8 anaweza kudhani anacheleweshwa bure. Hacheleweshwi bure.

Mtoto ambaye shida yake ni uchovu wa kiwambo au mapafu yaliyonywea, hewa ya kusukumwa puani humsaidia. Zipo mashine za hewa kwa wingi na kasi, na zipo za shinikizo lisilokoma, hata ile rahisi ambayo mrija wake unaishia kwenye chupa ya maji na kutoa mapovu. Ipi bora? Uingereza walijaribu kwa watoto 600 waliotolewa mpira, matokeo yakatoka 2022. Wale wa shinikizo lisilokoma waliachana na msaada wa kupumua mapema zaidi: saa 42.9 dhidi ya 50.5. Kwa hiyo ile mashine ya kisasa zaidi haikuweza kuonyesha kwamba ni sawa na ile ya zamani.

Lakini kabla hatujaagiza chupa za mapovu kila wilaya, tuangalie jirani. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, watoto wenye nimonia kali pamoja na utapiamlo, maambukizi ya VVU au upungufu mkubwa wa oksijeni waligawanywa: wengine mapovu, wengine oksijeni ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliokufa walikuwa 17 kwa 100 upande wa mapovu na 11 kwa 100 upande wa oksijeni ya kawaida. Hawa hawakuwa watoto waliotolewa mpira, kwa hiyo tusiwavae wazima wazima. Ila hospitali ile haikuwa na daktari anayesimamia wodi hiyo kila siku, na mashine inayosukuma hewa kwa mtoto dhaifu inahitaji macho. Nikiulizwa kipi kwanza kwa wilaya kama zetu, nitasema muuguzi mmoja zaidi wa zamu ya usiku na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni.

Wiki baadaye, nyumbani

Jambo ninalotaka wasomaji wa Marambo na jirani zake walikumbuke kuliko yote linakuja pale ambapo hospitali imeshasahaulika. Mpira uliokaa siku nyingi unaweza kuacha kidonda kwenye ile pete. Kidonda kikipona kinaacha kovu, na kovu hujikunja. Njia ya hewa inabanwa taratibu, wiki kadhaa hata miezi baada ya mtoto kurudi nyumbani. Jambo hili lina historia ndefu. Joseph O'Dwyer, daktari wa New York aliyeanza kuwawekea watoto wa dondakoo mirija ya chuma kooni katika miaka ya 1880, aliwaokoa wengi, na haraka yeye na wenzake wakakutana na watoto ambao kila wakitolewa mrija hawawezi kupumua.

Huku kwetu mtoto huyo ataonekanaje? Anatoa mlio akicheza, usiku anakoroma, sauti imekwaruza, kila mafua yanamlaza. Zahanati inaandika pumu, anapewa dawa ya pumu, haisaidii. Kumbuka tofauti ile: mlio wa kuvuta ndani, na filimbi ya kutoa nje. Dawa ya kutanua vijinjia vya mapafu haiwezi kulainisha kovu.

Halafu jirani anasema, "Huyo ana kimeo, mpelekeni akakatwe." Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, kila binadamu anacho, na hakizibi njia ya hewa hata kidogo. Kikikatwa kwa wembe, mtoto mwenye njia iliyobanwa tayari anaongezewa damu kooni, uvimbe mpya na maambukizi. Madaktari wa koo wa hapa nchini wamekuwa wakikemea jambo hili miaka mingi kwa watoto wote, na kwa mtoto aliyewahi kuwa na mpira ubaya wake ni mara mbili.

Siku za mwanzo nyumbani, au bado wodini, kuna la kumezea pia. Koo lililokaa na mpira siku nyingi husahau kidogo kumeza. Mtoto akikohoa kila anaponyonya au anapokunywa, sauti ikawa ya majimaji, mweke wima, mpe kidogo kidogo, na mwambie muuguzi.

Za kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi ni hizi: mlio anapokuwa ametulia, hata halii, kifua kubonyea ndani, kushindwa kunyonya kwa ajili ya pumzi, midomo au ulimi kuwa wa bluu, usingizi usio wa kawaida. Mlio unaopungua ghafla huku mtoto akilegea si nafuu, hewa inayopita imekuwa kidogo mno kutoa sauti.

Na siku ya kuruhusiwa, iwe Ndanda, Sokoine pale Lindi, Mtwara au Muhimbili, omba iandikwe kwenye karatasi: aliwekewa mpira au hakuwekewa, wa saizi gani, siku ngapi, na kama ulirudishwa. Mistari miwili tu. Ikunje uiweke ndani ya kadi ya kliniki, maana atakayemwona mtoto miezi mitatu baadaye kwenye zahanati ya kijiji hakuwepo siku hiyo.